Akibadilika usingizi na tabia, usikimbilie kusema karogwa

MTU aliyekuwa mchangamfu anapoanza kusinzia mchana kutwa, kukesha usiku, kufoka bila sababu na kusahau alichotumwa, majirani huwa na majibu tele. Wapo watakaosema karogwa. Wapo watakaosema ni chang'aa au bangi. Wengine watanong'ona kwamba ni ukimwi. Wachache mno ndio watakaosema: apelekwe hospitali, huenda kuna kitu kimeingia ubongoni.

Kwa wakazi wa Busia na Malaba, miji miwili inayokaa mpakani mwa Kenya na Uganda, jibu hilo la mwisho lina historia yake. Kwa muda mrefu eneo hili lilikuwa miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambako ugonjwa wa malale uliwapata watu na si ng'ombe peke yao. Malale ni maradhi ambayo, yasipotibiwa, hugeuza usingizi wa mtu, kisha hugeuza tabia yake, na mwishowe humuua.

Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini alipatikana mwaka 2009, na mwaka 2012 wageni wawili waliotembelea mbuga ya Maasai Mara waligunduliwa kuwa nao baada ya kuondoka. Ni ushindi mkubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi.

Hata hivyo, ushindi huu una upande wa pili. Kijana anayeingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu sasa alikuwa mtoto mchanga wakati mgonjwa huyo wa mwisho alipopatikana. Daktari, muuguzi na mpimaji wa maabara wa kesho hawajawahi kumwona mgonjwa wa malale kwa macho yao. Wasipofundishwa jinsi ubongo unavyoumwa na jinsi tabia inavyobadilika, mgonjwa akitokea watampa dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani.

Kituo cha Alupe

Anayesafiri kwa barabara ya Busia kwenda Malaba hupita Alupe. Leo wengi wanapajua mahali hapo kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2022. Lakini kabla ya chuo kuwapo, Alupe ilijulikana kwa maradhi. Hapo palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma, na hapo hapo ikawapo hospitali ya rufaa ya taifa ya malale, iliyokuwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Malale ya Kenya (KETRI).

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa vivyo hivyo. Tororo, mji mkubwa wa kwanza anaoukuta msafiri akishavuka Malaba, palikuwa makao ya shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda KETRI, makao yake makuu yakiwa Muguga, karibu na Nairobi. Tororo ilibaki na taasisi na hospitali yake upande wa Uganda.

Vituo hivyo havikuwekwa karibu na mpaka kwa bahati tu. Kati ya mwaka 1900 na 1920 mlipuko wa malale uliikumba Busoga na nchi zilizo kando ya Ziwa Victoria, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa. Ni wakati wa balaa hilo, mwaka 1903, ndipo watafiti waliokuwa Entebbe walipotangaza kwamba wameviona vimelea vya tripanosoma ndani ya maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, na kwamba mbung'o ndiye anayevieneza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ugonjwa ulifufuka tena Busoga, ukasambaa hadi Tororo, na wakazi wa Busia na Teso nao hawakusalimika.

Kutoka ngozini hadi ubongoni

Mbung'o ni nzi anayefyonza damu. Tofauti na mbu wa malaria anayeuma usiku, yeye huuma mchana. Katika eneo hili hukaa zaidi kwenye vichaka vya kando ya mito, kama vile Mto Malaba na Mto Sio, na kwenye nyua za mimea iliyosongamana karibu na nyumba. Wanaoumwa zaidi ni wachunga ng'ombe, wachota maji, wakusanya kuni na wavuvi.

Afrika ina aina mbili za malale ya binadamu. Aina ya Magharibi na Kati huletwa na Trypanosoma brucei gambiense, nayo huenda polepole, pengine kwa miaka. Aina ya Mashariki, inayoletwa na Trypanosoma brucei rhodesiense, ina haraka. Mgonjwa asiyetibiwa mara nyingi hufa kabla ya miezi sita kwisha. Hiyo ndiyo aina iliyokuwa Busia na Malaba.

Hatua ya kwanza ya ugonjwa ni ya damu. Penye kuumwa huweza kutokea uvimbe wenye maumivu, kisha homa inayokuja na kuondoka, kichwa kuuma, viungo kulegea na tezi kuvimba. Hadi hapo ni vigumu mno kuutofautisha na malaria.

Hatua ya pili huanza vimelea vinapoingia ubongoni. Ubongo una ukuta wa ulinzi unaochuja kila kinachotoka kwenye damu. Lakini ukuta huo haufanani kila mahali. Zipo sehemu chache ambako ubongo huachia mlango wazi kidogo ili uweze kuonja hali ya damu na kupokea habari za homoni. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba tripanosoma hutangulia kuonekana katika sehemu hizo, kisha huendelea ndani.

Hapo ndipo watu wa nyumbani huanza kushangaa. Mikono hutetemeka. Maneno huanza kukokoteka. Mwendo hupepesuka kama wa mlevi. Mtu mpole huwa mkali, mwenye bidii huwa mzembe, na mwingine huanza kuona au kusikia vitu ambavyo wenzake hawavioni wala kuvisikia. Nao usingizi huvurugika kabisa.

Jina linalodanganya

Kwa kuwa jina lenyewe linatokana na kulala, wengi wanadhani kwamba mgonjwa wa malale analala kupita kiasi. Watafiti waliowapima wagonjwa kwa kuwawekea nyaya kichwani na kurekodi umeme wa ubongo kwa saa 24 waligundua jambo jingine. Ukijumlisha saa zote alizolala mgonjwa mchana na usiku, jumla yake haizidi sana ya mtu mzima wa afya. Kilichoharibika ni ratiba. Usingizi umekatikakatika na kutawanywa, huku kidogo na kule kidogo, bila kujali kama jua limechomoza au limetua.

Jambo la pili walilogundua lahusu ndoto. Mtu mwenye afya akilala, huingia kwanza katika usingizi mzito, na baada ya zaidi ya saa moja ndipo huingia katika usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope. Mgonjwa wa malale ya ubongo huweza kuruka moja kwa moja kutoka kukesha hadi kwenye ndoto. Alain Buguet, daktari Mfaransa aliyefanya vipimo hivyo kwa miaka mingi katika nchi za Afrika, ni mmoja wa walioieleza dalili hii, na alionyesha kwamba wagonjwa wakitibiwa usingizi wao huanza kurudi katika mpango wake.

Saa iliyomo kichwani

Ili kuelewa uharibifu huo, ni lazima kujua kwamba kila mwanadamu ana saa ndani ya ubongo. Iko katika sehemu iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapopishana. Ni kiini kidogo mno, chenye seli zipatazo 20,000 hivi. Kiini hiki hupokea habari za mwanga kutoka machoni, kisha huuambia mwili mzima saa ya kulala, ya kuamka, ya joto kupanda na kushuka, na ya kutoa homoni kama melatonini.

Ndani ya kila seli, saa hii huendeshwa na jeni zinazotengeneza protini, protini hizo zikijaa huzizima jeni zilizozitengeneza, zikipungua jeni huamka tena, na mzunguko wote huchukua takriban saa 24. Waliofumbua fumbo hilo, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Mwaka uliofuata, 2018, kundi la watafiti wa Ureno na Marekani, akiwemo Filipa Rijo-Ferreira, lilichapisha matokeo yaliyoipa malale sura mpya. Waliwaambukiza panya Trypanosoma brucei. Panya ni mnyama wa usiku, lakini hawa walianza kuhangaika wakati wa kupumzika. Watafiti walipochunguza zaidi, waligundua kwamba saa ya panya hao ilikuwa inakwenda mbio, yaani mzunguko wake ulikuwa umefupika.

Kisha waliuliza swali ambalo kila mkazi wa Busia angeliuliza: je, si homa tu iliyofanya hivyo? Waliweka vimelea pamoja na seli katika vyombo vya maabara, mahali ambapo hakuna mwili wala homa, na saa za seli hizo nazo zikafupika. Walipojaribu kwa panya wenye malaria, saa haikufupika. Kwa hiyo malale ina namna yake ya kuichezea saa ya mwili, namna ambayo malaria haina.

Aidha, kundi la Chuo Kikuu cha Verona, Italia, lililoongozwa na Marina Bentivoglio na ambalo mmoja wa watafiti wake alikuwa Paul Seke Etet kutoka Kameruni, liliangalia seli za ubongo zinazotoa oreksini, kemikali inayomfanya mtu akae macho bila kukatizwa. Katika taarifa yao ya mwaka 2015 walieleza kwamba seli hizo zilipungua kwa panya walioambukizwa. Hilo linasaidia kueleza kwa nini mgonjwa anaweza kusinzia katikati ya chakula au mazungumzo.

Mwanafunzi asome vipi?

Elimu inayounganisha ubongo na tabia ni pana, na kila mwaka hutolewa taarifa nyingi kuliko awezazo kusoma mtu mmoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kuzimeza zote, wala hapaswi kuamini kila anachokisoma. Malale ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu una pande zote tatu: mgonjwa kitandani, mnyama maabarani, na seli katika chombo.

Maswali manne yatamsaidia. La kwanza: aliyepimwa ni nani? Matokeo ya panya hayawi ya binadamu kwa siku moja. Ndiyo maana KETRI iliwatumia tumbili kule Muguga, kwa kuwa ugonjwa kwa tumbili hufanana zaidi na wa binadamu, na wataalamu wa ubongo kutoka nje, kama vile Peter Kennedy wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walishirikiana na taasisi hiyo.

La pili: kimelea ni kipi? Majaribio mengi ya maabara hutumia jamii ya tripanosoma isiyomdhuru binadamu, kwani damu yetu ina protini inayoiua. Rhodesiense ina hila ya kuikwepa protini hiyo, ndipo inatuua. Mwenye kusoma asichanganye mambo haya.

La tatu: tabia ilipimwaje? Kusema kwamba panya amechoka ni maoni. Kuhesabu mizunguko ya gurudumu analokimbilia usiku na mchana ni kipimo. Vivyo hivyo kwa binadamu, maneno ya mgonjwa husaidia, lakini rekodi ya umeme wa ubongo, au kifaa cha mkononi kinachoandika mwendo wake kwa siku kadhaa, husema zaidi.

La nne: mgonjwa akitibiwa, tabia hurudi? Ikirudi, tunapata nguvu ya kusema kwamba ugonjwa ndio uliosababisha badiliko hilo. Isiporudi, huenda seli zimekufa, na hapo ndipo umuhimu wa kuwahi unapoonekana.

Mzunguko wa mgonjwa

Sayansi ya maabara peke yake haimfikishi mgonjwa hospitalini. Salome Bukachi, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, walifuatilia njia walizopita wagonjwa wa malale hadi kulazwa katika hospitali za magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Picha inayotokana na utafiti wa aina hii ni ya mzunguko mrefu: dukani kununua dawa, zahanati, dawa za kienyeji, hospitali, kurudi nyumbani, na kuanza upya. Wengi walitibiwa malaria au maradhi mengine kabla ya kugunduliwa, na kila wiki iliyopita vimelea vilizidi kupenya ubongoni.

Siku hizi mtego mwingine umeongezeka. Zamani mtu mwenye homa alitolewa damu, ikapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Mpimaji aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kukuta tripanosoma ikijipinda kati ya chembe za damu, hata kama hakuna aliyeifikiria. Leo vituo vingi hutumia kipimo cha haraka, tone la damu kwenye kijiti, na majibu kwa dakika chache. Kipimo hicho ni kizuri na kimeokoa maisha ya wengi. Lakini kinatafuta protini za malaria tu. Tripanosoma hata zikiwa tele, hakizioni.

Mbaya zaidi, mtu wa magharibi mwa Kenya anaweza kuwa na malaria na malale kwa pamoja. Kipimo kitasema malaria ipo, dawa zitatolewa, na homa isipokwisha lawama itatupiwa dawa. Kwa hiyo homa isiyokoma baada ya matibabu kamili ya malaria, hasa ikiandamana na badiliko la usingizi au tabia, yapasa damu itazamwe kwa hadubini.

Tiba ya jana na ya leo

Wazee waliowahi kumuuguza mgonjwa Alupe au Tororo wanaikumbuka tiba ya zamani kwa woga, na wana haki. Mgonjwa wa hatua ya kwanza alidungwa suramini. Ugonjwa ukishaingia ubongoni, dawa ilikuwa melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949 na ambayo imetengenezwa kwa aseniki, sumu inayojulikana. Ilichomwa mshipani na iliunguza. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa, 5 hadi 10 walipata madhara makubwa ya ubongo kutokana na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Ili kujua kama ugonjwa umefika ubongoni, ilibidi mgonjwa atolewe maji ya uti wa mgongo kwa sindano.

Mambo yamebadilika. Feksinidazoli, dawa ya kumeza kwa siku 10 pamoja na chakula, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa rhodesiense nchini Malawi na Uganda. Mwezi Juni 2024 WHO ilitoa mwongozo mpya unaoifanya kuwa dawa ya kwanza kwa aina hiyo ya malale kwa mgonjwa mwenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito wa kilo 20 na kuendelea. Inatibu hatua zote mbili, na dawa za malale hutolewa bure kupitia WHO. Anayemficha mgonjwa leo kwa kuhofia sindano ya zamani anamnyima tiba iliyo rahisi kuliko ile aliyoiogopa.

Ng'ombe wanaovuka mpaka

Yaweza kuulizwa: kama ugonjwa umetokomezwa, hofu ya nini? Jibu liko kwa ng'ombe. Rhodesiense hukaa ndani ya ng'ombe bila kumuonyesha dalili kubwa, na mbung'o akimuuma ng'ombe huyo kisha akamuuma mtu, kazi imekwisha.

Mwishoni mwa mwaka 1998 malale ililipuka Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo haikuwapo. Eric Fèvre na wenzake walipochunguza, walikuta kwamba waliokaa karibu na mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner walikuwa hatarini zaidi, na kwamba zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa pale walitoka katika sehemu zenye malale. Ugonjwa ulitembea kwa miguu minne. Watafiti hao hao baadaye waliendesha kazi zao Busia, wakichunguza magonjwa yanayotoka kwa mifugo kwenda kwa watu.

Uganda ilithibitishwa na WHO mwaka 2022 kwamba imetokomeza malale ya aina ya gambiense, lakini uthibitisho huo haukuihusu rhodesiense. Mpaka wa Busia na Malaba hauna ukuta. Watu wana ndugu, mashamba na masoko pande zote mbili, na ng'ombe hununuliwa huku na kuuzwa kule. Kumtibu ng'ombe kabla hajauzwa, kumnyunyizia dawa ya kuua mbung'o hasa miguuni na tumboni anakoumwa zaidi, kufyeka vichaka karibu na visima na kutumia mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ni kazi zisizopasa kuachwa kwa sababu ya cheti.

Si kila usingizi ni malale

Msomaji asije akaogopa bure. Dereva wa lori aliyekesha kwenye foleni ya Malaba, askari wa zamu, mhudumu wa hoteli na mwendesha bodaboda wa usiku wote husinzia mchana. Hao saa ya ubongo ni nzima, ila wanaishi kinyume nayo. Mwili unadai usiku kilicho chake. Mtu wa namna hiyo akipata siku kadhaa za kulala usiku, chumba kiwe na giza, na asubuhi akaona mwanga wa jua, hurudia hali yake. Mgonjwa wa malale harudii kwa kupumzika.

Aidha, badiliko la tabia laweza kuletwa na kisukari, kifafa, homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu cha ubongo, virusi vya ukimwi, malaria kali au msongo wa mawazo. Kwa sasa haya yote ni ya kawaida zaidi Kenya kuliko malale. Na yote yanatibika au kudhibitiwa hospitalini, wala hakuna hata moja linaloondoka kwa kumfunga mtu kamba.

Ya kuzingatia

Ukimwona mtu wa nyumbani kwako amebadilika, andika mambo matatu kabla ya kwenda kwa daktari: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi kwa siku saba, tabia ilianza kubadilika lini na kwa namna gani, na alikwenda wapi miezi michache iliyopita, hasa kama alivuka mpaka, alichunga ng'ombe, alivua samaki au alizuru mbuga ya wanyama. Karatasi hiyo moja huweza kumfanya daktari mdogo, ambaye hajapata kuiona malale, aombe kipimo kinachofaa.

Mwaka 1998 karibu watu 40,000 waliripotiwa kuwa na malale barani Afrika. Tangu 2018 idadi imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Hatari ya ugonjwa unaopungua ni kwamba watu huusahau kabla haujakwisha. Hospitali ya Alupe iliwafundisha waliofanya kazi pale jinsi ya kumtazama mgonjwa wa aina hii, na elimu hiyo sasa haina budi kushikwa na wanafunzi waliopo vyuoni. Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu: mficha maradhi, kilio humuumbua.